Mtu Niliyemtia kwenye Kofia ya Maalim

Somo yangu Barke,

Nakupa salamu ile wanayopewa walio makaburini na wapitao kando yao, ingawa mimi kwako sijapita. Wanaume walikubeba, wakashuka nawe ngazini, wakatokea kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, na sisi wanawake tukabaki ndani kama ilivyo ada. Sijui umelazwa upande gani wa makaburi, wala kama pana kivuli. Nilimwuliza Bi Khadija, dada yako, naye hajui. Yeye pia alibaki ndani.

Nakuandikia kwa herufi za shule, zile ambazo hukuzipenda. Wewe ulisoma za Kiarabu, na ulipoona daftari langu ulisema herufi zetu zaenda kinyume, kama mtu anayerudia kitu alichokisahau nyumbani. Sasa shule nimeiacha. Darasa letu limekwisha, na msichana wa umri wangu akimaliza hana pengine pa kwenda ila ndani. Kwa hiyo nimekaa pale pale tulipokuwa tukikaa, kwenye mkeka wako, na mto wako mgongoni. Naona haya hata kuulalia.

Nina aibu, Somo. Nianze na hilo, maana nikilizungukazunguka nitaishia kukuambia habari za bei ya uzi na nani kajifungua. Mji mzima unanicheka. Na nisingejali sana kuchekwa, lakini kwa muda wa siku moja walikusema wewe, tena kwa kosa langu.

Chanzo ni ile picha.

Unaikumbuka siku ya kwanza niliyoiona? Mama alikuwa amenileta kutoka Faza ili nisome, akanikabidhi kwako kwa sababu ya jina tu. Alisema, “Bi Barke, huyu ni somo wako, mlee.” Mimi nilijificha nyuma ya buibui la mama na sikutoa sauti. Ukaniuliza kama nimekatwa ulimi. Halafu ukaniacha, ukaendelea kushona, na mimi kwa kuwa sikuweza kukutazama wewe nikatazama ukutani. Palikuwa na mlima mweupe ndani ya kioo. Chini yake mto, juu ya mto daraja la mbao, na juu ya daraja mtu mmoja mdogo kuliko ukucha wangu, amevaa kofia pana ya majani na joho jeusi, ametupa mgongo. Ng’ambo ya mto palikuwa na nyumba moja na dirisha moja la manjano. Pembeni maandishi mekundu yamesimama wima, kama siafu wanaopanda ukuta. Basi. Hapakuwa na mtu mwingine, wala punda, wala kuku.

Ukasema bila kuinua kichwa, “Wamwona? Huyo ndiye mume wangu wa pili.”

Baadaye uliniambia ni picha ya Japani. Mumeo alikuwa baharia wa meli kubwa, akaja nayo safari yake ya mwisho, imefungwa ndani ya shati. Kisha akaondoka, na baada ya muda zikaja habari kwamba ameoa bandari nyingine na ana watoto huko. Ulinisimulia hayo ukitafuta tundu la sindano kwenye mwanga, kama vile ni habari za jirani. “Aliniletea mtu wa kunipa mgongo,” ulisema, “kisha naye akanipa wake.” Ukacheka. Mimi sikujua kama inafaa nicheke.

Nilipokuambia kwamba mwalimu amesema ule weupe ni theluji, yaani maji yaliyoganda, ulicheka mpaka tambuu ikakutoka mdomoni. “Mai yagande juu ya mlima, yasishuke? Huyo mwalimu wenu awaona wajinga.” Wewe ulishikilia kwamba ni chokaa. Kwamba Wajapani ni watu safi mno, wapaka chokaa mpaka milima yao. Na kila ulipochoka macho ulikuwa ukiitazama ile picha na kuuliza, “Nti gani hiyo isiyo na mnazi hata mmoya?”

Tuligombana juu ya yule mtu. Mimi nilisema anakwenda kwenye ile nyumba yenye taa, amechelewa, wenyewe wanamngoja. Wewe ulisema hapana, ile nyumba si yake, yuwapita tu. “Tazama mabega yake. Mtu anayengojwa hatembei hivyo.” Sikutaka iwe hivyo. Nilikuwa mgeni katika nyumba yako na nilikuwa nikimlilia mama kila nikilala, na nilitaka mtu yule afike mahali. Ukaniona nimenuna ukasema, “Haya, somo, nyumba ni yake. Lakini amesahau ufunguo.”

Wakati wa sala ulikuwa ukiifunika picha kwa leso, ile ya rangi ya zambarau, kwa sababu ya yule mtu. Milima haina ubaya, ulisema, lakini kiumbe ni kiumbe hata akiwa mdogo. Ukimaliza kusali ulikuwa ukiifunua na kumwambia, “Haya baba, endelea na safari.” Hayo niliyaona kila siku, Somo. Ndiyo maana sina udhuru.

Kofia ulizokuwa ukishona zilijulikana Lamu nzima. Waliozivaa walidhani lile pambo la pembeni ni mawimbi na meno ya papa, na hukuwasahihisha. Mimi na wewe tu ndio tuliojua kwamba ni mlima wa Japani na mto wake. Wazee wenye ndevu walikwenda msikitini na Japani vichwani, nasi tulikaa huku ndani tukicheka. Ulinifundisha kutengeneza vito, vile vitundu vya kutoboa na kuzungushia uzi mpaka viwe vigumu kama shanga. Vyangu vya kwanza vilikuwa kama macho ya mgonjwa, ndivyo ulivyosema. Ulivifumua vyote mbele yangu. Nilichukia. Siku iliyofuata ulinipa sindano yako mwenyewe.

Ulipoanza homa ulikuwa unashona kofia ya Maalim Bakari, anayesomesha watoto Kurani chuoni. Ulikuwa umekwisha kuushona mlima na umeuandika mto kwa kalamu ya risasi, na mahali pa daraja palikuwa hapajaguswa. Uliishika kofia ile hata ulipokuwa huwezi kuona uzi. Asubuhi uliyofariki nilikuwa jikoni nakuchemshia uji. Bi Khadija aliita jina langu, nikaenda, kumbe alikuwa anaita jina lako.

Sikulia. Hili nalo ni katika aibu zangu. Nyumba ilijaa wanawake wanalia, na mimi nikawa nabeba kahawa, naosha vikombe, naleta mikeka, macho makavu. Nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, “Huyu wa Faza ana moyo wa jiwe.” Nilitaka machozi yaje hata ya uongo. Hayakuja. Nilichofanya ni kupanda juu na kutazama kwenye kile kidirisha cha ukumbi, na nikaona jeneza linavyokata kona, limefunikwa, na watu wanapokezana. Kisha kona ikabaki kona. Sikuona ulikopelekwa. Nilikuona mgongo tu, kama inawezekana kusema hivyo juu ya maiti.

Matanga yalipokwisha Bi Khadija akanipa ile kofia. “Malizia, mwanangu. Maalim yuaingoja, na mkono wako washabihi wa marehemu.” Nilifurahi aliposema hivyo, na nikaona vibaya kufurahi. Nikakaa hapa, picha mbele yangu, nikafuata mistari yako. Nilishona mto. Nilishona daraja. Na nilipofika juu ya daraja mkono haukusimama.

Nikamtia mtu.

Alikuwa mdogo sana, Somo. Vito vichache na mishono ya kujaza, basi. Lakini wewe ulinifundisha vizuri, na mtu alionekana. Nilijua kwamba kofia ile ni ya kusalia. Nilijua habari ya leso. Sijui niseme nini. Nilipokuwa nikimshona sikumwona kama sanamu, na nilipomaliza niliikunja kofia haraka na kumpa Bi Khadija kabla sijaitazama mara ya pili.

Kofia haina mbele wala nyuma. Maalim aliivaa ilivyoangukia mkononi, akaenda nayo sala ya Ijumaa, akasimama safu ya mbele. Na mtu wangu akawa kisogoni kwake. Aliyesimama nyuma yake ni Mzee Shee, yule muuza halua, ambaye haoni mchele uliomwagika miguuni pake lakini hilo aliliona. Wanasema alipotoa salamu tu alimgusa Maalim bega akamwambia, “Maalim, ni nani huyu apandaye mlima kichwani mwako? Nimesali nyuma yake rakaa zote na hajafika.”

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kesho yake Maalim alikuja hapa, kofia imefungwa kwenye kitambaa. Alikaa kwenye daka, Bi Khadija yuko ndani ya mlango, na mimi nyuma ya pazia na sinia ya kahawa mkononi. Alisema taratibu, maana ni mtu mpole, na upole wake ndio uliozidi kuniumiza.

“Bi Khadija, marehemu, Mola amrehemu, alinitia nini kichwani?”

Bi Khadija hakuelewa. Maalim akafungua kitambaa akampitishia. Nikasikia Bi Khadija anavuta pumzi.

“Mzee Shee asema sala yake imeharibika,” Maalim akasema. “Hilo lake ni jepesi, atairudia. Lakini watu wameanza maneno. Wasema bibi huyu alikuwa na sanamu ndani ya nyumba miaka yote, na sasa wajua ilikuwa ya nini. Wengine wameniambia hawatakuja kwenye khitma yake, kumsomea. Nami ndimi nitakayeisimamia. Nitawaambia nini?”

Bi Khadija akaanza kulia. “Dada yangu? Dada yangu aliyekuwa akiifunika kwa leso zake mwenyewe?”

“Mimi najua, Bi Khadija. Lakini mkono ni wake.”

Nilisimama pale na sinia. Wajua mimi nilivyo. Shuleni mwalimu akiniuliza nilikuwa najibu kwa kutikisa kichwa, na mtu mume asiye wa nyumbani sijapata kusema naye hata neno. Nilifikiri: nikinyamaza litapita. Nikafikiri tena: wewe huwezi kutoka huko uliko ukaja kusema kwamba si wewe. Nikaiweka sinia sakafuni.

Nikasema, “Si yeye. Ni mimi.” Sauti ilitoka kama mlango wenye kutu.

“Nani huyo?” Maalim akauliza.

“Barke.”

Kwa muda mfupi sote tulisikia jina lako. Kisha Bi Khadija akasema haraka, “Barke mdogo, Maalim. Yule mwana wa Faza.”

“Si yeye,” nikarudia. “Yeye alikuwa amekwisha kufa. Alifika kwenye mto tu. Mtu nimemtia mimi.”

“Na mtu huyu ni nani, mwanangu?”

Nikasema, “Ni mtu tu.”

Maalim hakunikemea. Ilikuwa afadhali angenikemea. Alisema, “Basi mfumue, mtu tu huyo. Mimi nanywa kahawa.” Nikakaa chini nyuma ya pazia, kwa mkasi wako mdogo, nikamfumua, Maalim akiwa anakunywa. Uzi ulitoka, lakini vito vikiisha kutobolewa haviwi tena nguo. Vitundu vilibaki juu ya daraja. Nilimwambia, nikidhani atakataa kuipokea. Akaipapasa kwa kidole akasema, “Vitundu si sanamu. Kichwa kitapata upepo.” Na siku hiyo hiyo alikwenda msikitini akawaambia watu kwamba marehemu hana hatia, kwamba ni utundu wa msichana aliyeacha shule juzi.

Jina lako likasafishwa. Langu ndilo linalotembea sasa.

Wanawake hawakuridhika na “mtu tu.” Walikaa wakapima na kukata wenyewe. Msichana wa umri wangu, kaacha shule, kawekwa ndani, anamshona mwanamume peke yake juu ya daraja: ni nani kama si mchumba? Mwanakombo, niliyekaa naye dawati moja, alikuja kunisalimu akaniuliza mbele ya mama yake, “Barke, mchumba hajambo? Hajachoka kupanda?” Kwenye hina ya jirani walisema nimemweka kichwani kwa Maalim ili wenzangu wasimwibe. Wengine wamekwisha kumjua. Wasema ni kijana wa Mokowe mwenye kofia pana, ambaye mimi sijapata kumwona maishani mwangu. Mama amesikia huko Faza. Ametuma neno fupi kwamba khitma ikiisha nirudi nyumbani, na nisipite sokoni nikienda chomboni.

Na Bi Khadija ameitia picha mvunguni mwa kitanda. Hakuitupa kwa sababu ni yako. Mimi siivuti kuitazama. Naona haya mbele ya picha pia, kama kwamba nimemwaibisha yule mtu, yeye aliyekuwa akitembea zake.

Sasa nikuambie wewe, kwa kuwa wengine siwezi kuwaambia.

Sikushona mwanamume. Nilianza na kofia ya majani na joho, kama ilivyo pichani, lakini katika ukubwa ule wa punje, kofia pana na joho jeusi ni sawa na mwanamke aliyejifunika buibui. Nilipoona hivyo mkono ukaenda wenyewe. Nikamfupisha kidogo. Nikamwinamisha bega la kushoto, lile lililokuwa likikuuma. Ulikuwa wewe, Somo. Sikuona njia uliyopitishwa, basi nikakupa njia hiyo, maana ndiyo njia ya pekee ninayoijua inayotoka katika nyumba hii. Nilikutia juu ya daraja ukielekea kwenye ile taa. Ulisema mtu anayengojwa hatembei hivyo. Nilikushona kama mtu anayengojwa. Nilihangaika sana na mabega.

Nilipokuwa nikifumua, Maalim akinywa kahawa yake, kila uzi niliouvuta nilihisi nakuondoa tena nyumbani, na safari hii kwa mkono wangu.

Jana ndiyo ilikuwa khitma. Walikuja, Somo. Walijaa mpaka kwenye ngazi, hata wale waliosema hawatakuja, hata Mzee Shee na sinia yake ya halua. Nilisimama nyuma ya pazia pamoja na wanawake. Maalim alikaa katikati ametupa kisogo, na alikuwa ameivaa ile kofia. Nadhani aliivaa makusudi, ili watu waione. Niliuona mlima wako. Niliona mto, niliona daraja, na juu ya daraja hapana mtu, pana vitundu tu, na nywele zake nyeupe zinaonekana ndani yake. Sauti zikapanda zikitaja jina lako katika dua. Barke binti fulani, walisema kwa jina la baba yako, na wakaomba kaburi lako lipanuliwe na liwe na nuru.

Hapo machozi yakaja. Yalikuja yote, ya siku ya mazishi na ya matanga na ya tangu Faza. Nilikaa chini sakafuni nikaziba mdomo kwa mtandio na sikuweza kunyamaza. Mwanakombo akainama kwa mama yake, na nikamsikia vizuri, alitaka nimsikie: “Amlilia mchumba wake aliyefumuliwa.” Wanawake wakajiziba midomo. Mabega yao yalitikisika, katikati ya dua.

Ningeweza kusema. Nilikuwa nalo neno hapa kooni. Ningesema ni yeye, ni somo yangu, na kicheko kingekatika pale pale. Lakini nikawaza kitakachofuata kesho: kwamba ilikuwa sura yako msikitini, kwamba watu walisali nyuma ya sura ya Bi Barke. Wangekurudia wewe. Nikaendelea kulia, wakaendelea kucheka.

Kwa hiyo naondoka, Somo. Chombo cha Faza kinatoka maji yakijaa, na Bi Khadija ananiita nifunge kikapu. Sitapita sokoni. Lala salama, Mola akupe nuru na akutulize bega lako. Sindano yako nimeichukua kwa ruhusa, na huko nyumbani nitashona mlima na mto, bila kiumbe.

Wacha waseme ni mchumba. Mama atauliza, nitamwambia ni mchumba. Mume nitakayeolewa naye, kama atakuwepo, labda naye ataambiwa, atauliza, na nitamwambia hivyo hivyo. Jina lako nitalitaja katika dua tu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na aibu yake nitaichukua mimi.

Somo wako,
Barke